Mashine Niliyopewa Badala ya Kibanja

Kaka yangu aliniambia kompyuta ile ni mpya, na mimi nilipiga magoti kumshukuru.

Nayaandika hayo mwanzo kwa sababu ndiyo yanayoniuma kuliko mengine. Kudanganywa ni jambo la kawaida. Hakuna aliyeishi akakwepa. Ninachoshindwa kukimeza ni yale magoti. Kwetu mwanamke akipokea kitu kutoka kwa mkubwa wake hupiga magoti, na mimi nilipiga mbele ya ukoo mzima, uani kwa baba pale Ihanda, siku ya kikao cha mirathi. Nilisema asante mara tatu. Watu wakapiga makofi.

Baba alikuwa amefariki miezi miwili kabla. Aliacha kibanja kimoja: migomba upande wa juu kuzunguka nyumba, kahawa upande wa chini mpaka bondeni. Tulizaliwa wawili tu, kaka na mimi. Kaka alisoma, akapata kazi ya ofisi Dodoma, akawa anakuja Krismasi na kwenye misiba. Mimi nilibaki. Nilikuwa na kichumba cha kupanga Kayanga, jirani na stendi, ambako nilihariri video za harusi, lakini mgongo wa baba ulipokataa kazi, mimi ndiye niliyechuma kahawa yake, nikaianika, nikaigeuza juani, nikaipeleka kupimwa. Yeye alikaa mlangoni kwenye kigoda akinielekeza nianze kupogoa mti upi. Hakuna siku aliyosema shamba lile litakuwa la nani, wala mimi sikumuuliza. Nilidhani mikono yangu inaonekana.

Baba mdogo, yaani mdogo wake baba, ndiye aliyeongoza kikao. Kaka alisimama akazungumza kwa utulivu, kama mtu aliyezoea mikutano. Alisema kibanja cha ukoo hapewi binti, maana binti huolewa na ardhi ikamfuata kwa watu wengine. Nilikuwa na miaka thelathini na minne, sijaolewa, na kila aliyekaa pale alijua. Kisha akasema yeye si mtu wa kumwacha dada yake mikono mitupu. Akaagiza gari lifunguliwe. Likatolewa kasha jeusi la kompyuta ya mezani, linang'aa, pamoja na skrini na kibodi. Alisema ameninunulia mpya, ya dukani, ili nifanye kazi yangu kwa heshima.

Nilikuwa nimewahi kusikia redioni kwamba sheria inampa binti haki yake. Ningeweza kusimama nikasema. Lakini nilikuwa nimefanya kazi miaka mitatu kwa kompyuta ya mapajani iliyovunjika bawaba, nikiiegemeza ukutani ili skrini isianguke, na nilipoliona lile kasha moyo wangu uliruka. Nilikitamani chombo. Muhtasari wa kikao ulisomwa harakaharaka: binti wa marehemu amepokea kompyuta mpya moja badala ya fungu lake, naye ameridhika. Nikatia saini. Kaka alinipa sharti moja tu, nisilifungue kasha, kwa sababu kuna karatasi ya waranti imebandikwa ubavuni na ikichanika duka halitanisikiliza.

Miaka mitatu sikulifungua. Nililifuta vumbi kila asubuhi, nikalifunika kwa kitenge jioni, na sitasema uongo, mashine ile ilinilisha. Ilikuwa nzito kuamka lakini ilifanya kazi. Shida ilianza watu walipoanza kudai picha kali zaidi. Nilinunua kamera mpya, nikawa namkodi kijana wa droni kutoka Bukoba, na video zikawa kubwa kuliko nguvu za mashine.

Harusi iliyoniumbua ilifanyika kijiji cha Kanoni, ya binti wa mwisho wa familia moja ya wakulima wa ndizi. Nilirekodi siku nzima, kanisani mpaka ukumbini, nikarudi kuhariri, na mashine ikagoma. Bibi harusi ananyanyua mguu kupanda ngazi za kanisa, anabaki hewani, kisha anatokea madhabahuni. Sauti ya kwaya inakwenda mbele, midomo inafuata baadaye. Nikijaribu kutoa video nzima, mashine inazimika katikati. Mama wa bibi harusi alikuja Kayanga mara ya kwanza akiwa mpole. Mara ya pili alikaa kwenye benchi mpaka jioni. Mara ya tatu aliniambia, "Mwanangu amekwisha kupata mimba, na sisi hatujaiona harusi."

Maneno hayo ndiyo yaliyonipeleka kwa fundi.

Fundi ni mzee wa Kiislamu mwenye duka nyuma ya msikiti. Babu yake alikuja Karagwe kutoka Pangani kwa biashara, na yeye, ingawa amezaliwa Kayanga, bado anasema Kiswahili cha pwani kinachotufanya sisi wengine tukione chetu kina makunyanzi. Alianza na redio, akaja na televisheni, sasa anatengeneza simu na kompyuta. Nilimwamkia, nikamweleza. Alinisikiliza mpaka mwisho, akaniambia tatizo langu linajulikana: mashine yangu haina kadi ya grafiki, ile inayobeba kazi ya picha peke yake, kwa hiyo mzigo wote umeangukia ubongo mkuu. Nikipata kadi, tutaichomeka na kazi itakwenda. Alitaka kujua mashine ilinunuliwa duka gani, ili ajue aina yake ndani.

Nilimpigia kaka kuulizia risiti. Alisema imepotea. Nilipomwambia nataka kuongeza kadi, alibadili sauti, akasema niridhike na kilichopo, nisije nikaharibu kitu cha thamani.

Kadi niliifuata Murongo mpakani, huko Kyerwa, kwa mama mmoja anayeingiza vipuri vya kompyuta vilivyotumika kutoka Uganda. Ilikuwa kadi ndefu, nzito, yenye feni mbili. Niliiviringisha kwenye taulo nikaipakata njia nzima ya kurudi, na kila gari lilipopiga shimo niliinyanyua mapajani kama mtoto mwenye jipu. Nilikuwa na furaha. Nilijiona mtu anayekwenda mbele kwa akili yake.

Fundi aliweka kasha mezani, akavaa miwani, akaiangalia ile karatasi ya waranti. Akaikwangua kwa ukucha. Ilitoka yote, nzima nzima, bila kuchanika. Aliigeuza akaitazama nyuma.

"Hii ni stika ya kawaida, mwanangu," alisema. "Mtu kaichapa kwa printa."

Nilimjibu kwamba labda duka lilifanya hivyo. Hakubisha. Alifungua skrubu, akavuta bati la ubavuni.

Mtu asiyeishi kwetu hatalielewa nililoliona. Vumbi la Kayanga ni jekundu. Huingia kwenye nguo, kwenye mkate, kwenye macho ya mtakatifu ukutani kanisani. Ndani ya mashine yangu kulikuwa na utandu mwekundu juujuu, wa miaka yangu mitatu. Chini yake kulikuwa na vumbi la kijivu, nene, limeshikana kama sufi ya mto, limejaza mapezi ya feni na pembe zote. Fundi alilitoa kwa brashi, likaanguka mezani kwa mabonge. Sote wawili tuliliangalia. Nilijiambia kiwandani nako kuna vumbi.

Tulianza kazi. Kadi ilikuwa ndefu kuliko nafasi. Mwisho wake uligonga kile kizimba cha bati kinachoshika diski. Fundi akakitoa kizimba, akaiegesha diski pembeni. Kadi ikaingia, ikabana mahali pake. Kisha tukagundua inataka umeme wake wa ziada, kwa plagi ya matundu sita, na kisanduku cha umeme cha mashine hakikuwa na waya wa namna hiyo. Alitafuta kwenye makopo yake akapata kiunganishi kinachokusanya nyaya mbili za diski na kuzifanya plagi moja. Aliniambia haipendi njia hiyo, lakini kwa kujaribu inafaa.

Tukawasha. Feni za kadi zilizunguka, taa ya mbele ikawaka, skrini ikabaki nyeusi.

Nilidhani imeungua. Fundi hakutetereka. Alikagua kwanza waya wa skrini, akaukuta bado umechomekwa kwenye tundu la zamani, akauhamishia kwenye kadi. Nyeusi. Akatoa kadi, akasugua meno yake ya shaba kwa kifutio cha penseli, akairudisha. Nyeusi. Akaitoa tena, akawasha mashine bila kadi. Ikawaka vizuri kama siku zote. Akasema basi tujue kwanza mgonjwa ni nani. Tulivuka barabara mpaka kwa jirani yake mwenye duka la intaneti, akatuazima mashine moja iliyoungwa hapahapa mjini, kasha lake pana, waya nje nje. Kadi ikawaka mara ya kwanza.

"Kadi haina kosa," fundi alisema. "Mashine yako ndiyo haitaki mgeni."

Siku ya pili aliniambia tuingie kwenye mipangilio ya chini kabisa ya mashine, ile inayofunguka kabla kompyuta haijaamka sawasawa, tuiamuru itumie kadi na kuacha picha ya kwenye bodi. Aliitoa kadi, akawasha, akabonyeza kitufe. Badala ya mipangilio, skrini ikadai neno la siri. Na chini ya kile kisanduku cha neno la siri kulikuwa na mstari wa Kiingereza, herufi kubwa, uliosema mashine hii ni mali ya ofisi fulani. Lilikuwa jina la ofisi ya kaka.

Niliusoma mara mbili. Fundi naye alisoma. Kisha, nadhani kwa kunihurumia, aliupeleka mkono wake kwenye kizimba cha diski alichokuwa amekilaza mezani, akataka kukigeuza nisione kilichobandikwa. Niliuwahi mkono wake. Upande wa chini wa kizimba, ambao sasa ulikuwa juu, kulikuwa na lebo ya njano, namba ya mali ya ofisi, na mwaka mashine ilipopokelewa. Mwaka ule baba alikuwa bado anapanda ngazi mwenyewe kukarabati paa. Kompyuta yangu mpya ilikuwa na umri wa miaka saba siku niliyoipigia magoti.

Nilimpigia simu kaka palepale dukani. Nilimwamkia, maana hata katika hasira ulimi una adabu zake.

"Naomba neno la siri la mashine," nilimwambia.

"Neno la siri gani?"

"La ofisi yenu."

Nilisikia watu wakiongea nyuma yake. Kisha akauliza, "Nani kakwambia uifungue?"

"Ulisema ni mpya."

"Zilikuwa zinatolewa stoo, nikaomba moja kwa ajili yako. Wengine hawakuwaombea ndugu zao. Umeifanyia kazi miaka mitatu hujalalamika, leo ndiyo umeona haifai?"

Alisema ana kikao, akakata. Baadaye alinitumia ujumbe kwamba waliokuwa na neno la siri wamehamishwa, na kwamba nisimwaibishe mbele za watu.

Nilimwacha fundi na mashine wazi mezani, nikachukua bodaboda kwenda Ihanda.

Sikuwa nimefika bondeni muda mrefu. Kabla ya kuingia nyumbani nilishuka kwanza huko, nikakuta nusu ya kahawa imeng'olewa. Pale palipokuwa na mistari ya baba palikuwa na miche ya mikalitusi, inanifika kiunoni, imepangwa kwa kamba. Kaka alikuwa amemwajiri mtu. Mikalitusi hunyonya maji. Kila mkulima wa kwetu anajua, na migomba iliyokuwa jirani nayo ilikwisha anza kukunja majani.

Mama alikuwa jikoni anamenya ndizi. Nilimwambia habari ya vumbi, ya mstari kwenye skrini, ya lebo. Aliendelea kumenya. Nilipomaliza alizungumza kwa Kinyambo, taratibu, bila kuniangalia.

"Nilijua," alisema.

Nilimuuliza alijua lini. Alisema kaka alimwambia usiku ule wa kabla ya kikao, na akamwomba anyamaze.

"Na wewe ukanyamaza."

"Angekupa nini? Wewe ni wa kuolewa. Mimi nitazikwa na mtoto wa kiume, na ndiye atakayenilisha mpaka siku hiyo." Akatumbukiza ndizi kwenye maji. "Nawe ulifurahi. Nilikuona ulivyofurahi. Nikasema basi, kama amefurahi."

Nimewahi kuchukiwa na watu, na nimewahi kuwachukia watu. Lakini sikujua kwamba mtu anaweza kumsikiliza mama yake akisema ukweli na akatamani angemdanganya. Nilikula chakula chake kwa sababu kukataa kungekuwa tusi. Kisha nikarudi.

Wiki ile kwa mzee ilikuwa ndefu. Nilikwenda kila siku baada ya sala ya alasiri. Sikuwa nataka tena mashine iwake kwa ajili ya harusi ya Kanoni. Nilitaka iwake kwa ajili ya kukomoa. Nilitaka kile kitu kilichotupwa stoo na watu wa Dodoma kifanye kazi ya mashine mpya mbele ya macho yao.

Neno la siri mzee alilifuta mwenyewe. Alitafuta kwenye bodi, kwa tochi na miwani miwili, mpaka akapata kidude cha plastiki kilichofunika sindano mbili ndogo. Akakitoa, akawasha mashine, akazima, akakirudisha. Tulipoingia tena, mipangilio ilifunguka bila kudai chochote. Ule mstari wa mali ya ofisi ulikuwa bado pale, na sasa ulikuwa unafutika kama maandishi mengine. Mzee aliniuliza kama aufute. Nilimwambia auache, nikaupiga picha kwa simu, pamoja na lebo.

Akaiamuru mashine itumie kadi. Tukaichomeka, tukawasha, na picha ikatokea. Nililia, na sikuona haya kulia mbele ya yule mzee, maana aligeuka akajifanya anatafuta bisibisi.

Furaha ile haikufika dakika kumi. Nilifungua harusi ya Kanoni, bibi harusi akapanda ngazi bila kuganda, akaingia kanisani, na alipofika katikati mashine yote ikazima. Tukawasha, ikazima tena palepale kazi ilipokolea. Mzee akagusa kisanduku cha umeme, akatoa mkono haraka kwa joto. Kilitengenezwa kwa ajili ya mtu wa ofisini anayeandika barua. Kadi ilikuwa inadai umeme ambao hakikuwa nao.

Nikasema tununue kisanduku kingine. Mzee akaleta kimoja chake cha kawaida, akanionyesha plagi yake kubwa, safu mbili za matundu. Kisha akanionyesha mahali pa plagi kwenye bodi yangu: kidogo, cha matundu machache, cha umbo la peke yake. Kampuni zinazouza mashine zikiwa tayari zimeungwa, alinieleza, mara nyingi hufanya hivyo. Kila kitu ndani kinamjua mwenzake na hakimjui mwingine. Kisanduku hakibadiliki bila bodi, bodi haikai kwenye kasha jingine, na ukibadilisha vyote umekwisha nunua kompyuta.

"Walioitengeneza hawakutaka ikue," alisema. "Walitaka iishe, ununue nyingine."

Nilimuuliza kama kuna njia yoyote. Aliniambia ipo, ndogo: kadi fupi, ya feni moja, isiyotaka waya wa ziada, inayokula umeme wa kwenye bodi tu. Haitakimbia, itatembea. Basi nilirudi Murongo na taulo langu. Yule mama wa vipuri aliiangalia kadi kubwa, akasikia habari yangu, akabadilishana nami bila maneno mengi. Kadi ndogo iliingia bila kugusa kitu, kizimba kikarudi mahali pake, na mashine ikawaka ikabaki imewaka. Ilitoa harusi nzima ya Kanoni kuanzia saa nne asubuhi mpaka saa nane mchana, polepole, bila kuzima hata mara moja. Mzee alikuwa amekaa mlangoni kwake akinywa kahawa kwa kikombe kidogo. Alisema alhamdulillahi, na mimi niliitikia.

Krismasi kaka alikuja. Nilikuwa nimekwisha mwomba baba mdogo aitishe kikao, na hakukataa. Tulikaa sebuleni kwake, wazee watano, kaka, mama na mimi. Nilivaa vizuri. Nilikuwa nimechapa zile picha, ule mstari wa kwenye skrini na ile lebo ya njano, kwenye karatasi ngumu, nikazigawa. Nilisema muhtasari ule unasema kompyuta mpya, na kompyuta haikuwa mpya, ilikuwa takataka ya stoo, kwa hiyo nilichosaini hakikuwa kweli na mimi nadai fungu langu la kibanja, upande wa kahawa ambao haujang'olewa. Nilisema kwa mpangilio. Nilikuwa nimejisemea moyoni wiki nzima.

Wazee walizipitisha picha mkono kwa mkono. Mmoja aliinua lebo karibu na jicho. Kaka aliangalia zulia. Kwa muda nilifikiri nimeshinda.

Baba mdogo alivua miwani. Yeye ni mtu wa haki kwa namna yake. Sijawahi kusikia amekula cha mtu.

"Hiyo mashine," aliniuliza, "inawaka au haiwaki?"

Ningeweza kusema haiwaki. Kila mtu pale angeamini; nilikuwa na picha za vyuma vilivyofumuliwa. Lakini kaka aliinua macho akanitazama, na mimi, mpumbavu, nilitaka ajue. Nilitaka ajue kwamba kile alichokiokota nimekisimamisha.

"Inawaka," nilisema. "Inafanya kazi kuliko mwanzo."

"Na ndiyo inayokulisha?"

"Ndiyo."

"Basi umepewa, mwanangu," alisema. "Jina la mpya au la zamani ni maneno. Ungekuwa umepewa ng'ombe akafa, tungesema mengine. Lakini ng'ombe wako anakamuliwa."

Wazee waliitikia kwa kichwa. Kaka, kwa upole mkubwa, akasema kwamba kama sikuridhika na mashine niirudishe, naye atatafuta namna nyingine ya kunisaidia. Alijua siwezi. Nilikuwa na harusi sita ndani yake. Mama alikuwa amekaa kwenye mkeka karibu na mlango, akifunga na kufungua pindo la kitenge chake. Ikaletwa rubisi, pombe yetu ya ndizi, watu wakanywa.

Niliporudi Kayanga nilipita kwa mzee nikamweleza. Alisikiliza akiwa ameshika simu ya mtu iliyofunguliwa kifua.

"Ungesema haiwaki," aliniambia.

"Mzee, wewe ungesema?"

Aliiweka simu chini, akaifunika kwa kitambaa isiingie vumbi. Akasema wakati wa sala umefika, akatoka.

Nilikwenda baraza la kata. Mwanamke aliyenipokea aliusoma muhtasari, akaona saini yangu, akaniambia naweza kufungua shauri lakini nijiandae kwa miaka, na nijiandae kusimama mbele ya mama yangu akiwa shahidi wa upande wa pili. Nilichukua fomu. Iko kwenye droo, nimejaza jina langu na kijiji tu.

Yule mama wa Kanoni, aliyekuwa akingoja binti yake ajifungue, alikuja naye, mtoto mgongoni. Walikaa kwenye benchi langu wakaitazama harusi yote. Binti alijicheka alipojiona anapanda ngazi. Mama mtu aliniombea baraka kwa Mungu, akaniambia kazi yangu ni nzuri na nisikate tamaa. Nilimshukuru, na moyoni sikusikia chochote.

Mwezi wa sita kahawa iliiva. Ile nusu iliyobaki ilizaa kupita kiasi mwaka ule, labda kwa sababu ilipogolewa vizuri zamani na mtu aliyeijua. Mama alinipigia simu mara mbili. Mara ya kwanza aliniuliza hali tu. Mara ya pili alisema mtu wa kaka ni wa mikalitusi, hajui kahawa, anachuma mbichi na mbivu pamoja, na yeye mwenyewe magoti hayamruhusu kushuka bondeni. Nilimwambia nina kazi nyingi. Ilikuwa kweli, lakini haikuwa sababu.

Jirani wa Ihanda aliyekuja mnadani alinieleza baadaye kwamba alimwona mama bondeni, amekaa chini kabisa kwenye majani, anachuma matawi ya chini tu yale anayoyafikia, na mengine yanakauka juu yake. Aliniambia hivyo akinitazama, akingoja niseme kitu. Kaka alikuwa Dodoma, hakuna kilichompungukia. Nilijua nani anaumia. Nilijua tangu simu ya kwanza, na sikwenda.